Kitabu Gani Tusome Juu ya Mwanzo wa Marekani?

(Somo la kujisomea, kwa kalasi ya tatu mupaka kalasi ya sita)



Safari hii tunaleta somo juu ya jambo moja ambalo wengi wanatuuliza kule bibliyoteke: mutu akitaka kujua mwanzo wa Marekani, achukue kitabu gani? Ndani ya kaye zetu za historia, Marekani ya zamani inapata kurasa mbili ao tatu: Christophe Colomb mwaka 1492, makoloni 13, George Washington, basi. Tunakariri juu ya mutihani, kisha tunasahau. Halafu mutu akitaka kuendelea mbele, anachukua kitabu kinene kuliko vyote, anasoma kurasa kumi, usingizi unamukamata, anakirudisha na kusema: "Historia ni kavu."

Sisi wa kalasi ya sita tunasema hapana. Historia haiko kavu, tunakosa kuchagua. Na mwaka huu kuchagua kuko na uzito, maana feza iliyoko inatosha kununua vitabu vinne tu juu ya Marekani ya zamani, na wanafunzi tumeombwa kutoa mawazo. Vitabu vinne ni vichache. Tukichagua vibaya, vitakaa ndani ya kabati na mavumbi, na wadogo wetu ndio watapata hasara. Ndiyo maana tunaomba kila mutu asome somo hili na kalamu mukononi.

1. KWANZA TUJUE WAKATI WENYEWE

Tukisema "mwanzo wa Marekani", tunataka kusema wakati wa makoloni na wa kuzaliwa kwa taifa, ni kusema tangu mwaka 1607 mupaka 1789. Kumbukeni lakini kwamba inchi ile haikuwa tupu. Wenyeji wa kwanza, wale tuliozoea kuwaita Waindiani, walikaa mule tangu maelfu ya miaka, na vijiji vyao, mashamba ya mahindi, biashara na vita vyao.

Tarehe za kushika ni hizi. Mwaka 1607 Waingereza walijenga Jamestown, katika Virginia, fasi ambapo tumbako ilileta utajiri nyuma ya miaka michache. Mwaka 1620 meli Mayflower ilifika Plymouth na wasafiri karibu 102. Nusu yao walikufa wakati wa baridi ya kwanza. Mwaka 1664 Waingereza walinyanganya Waholanzi muji ambao leo unaitwa New York. Mwaka 1763 vita kati ya Waingereza na Wafaransa viliisha, na Ufaransa ikapoteza Canada. Uingereza ilikuwa na madeni ya vita, ikalipisha makoloni kodi mupya; mwaka 1773 watu wa Boston walitupa chayi ya meli ndani ya maji. Mwaka 1775 bunduki zilianza kulia, 1776 uhuru ulitangazwa, 1783 Uingereza ilikubali uhuru ule. Mwaka 1787 katiba iliandikwa kule Philadelphia, na 1789 Washington akawa prezida wa kwanza.

Mukishika tarehe hizi, kitabu chochote cha wakati ule hakitawapoteza njia.

2. KITABU CHENYE KUSOMEKA NI KITABU CHA NAMNA GANI?

Wengine wanafikiri kitabu chenye kusomeka ni kitabu chembamba. Wengine wanasema ni kile chenye maneno mepesi. Tumeona vitabu vyembamba vinavyochosha, kwa sababu ni mustari wa majina na tarehe tangu mwanzo mupaka mwisho. Kwetu sisi, kitabu kinasomeka kama kinatuonyesha mutu wa kweli akifanya kazi ya kweli, na tena kinatuonyesha mwandikaji alijua mambo hayo namna gani.

Tuangalie mufano. Kule Maine, pembeni ya muto Kennebec, kulikuwa mwanamuke mumoja jina lake Martha Ballard. Kazi yake ilikuwa kuzalisha wanawake. Tangu mwaka 1785 mupaka 1812 aliandika kila siku mistari michache tu: hewa ya siku ile, alizalisha nani, walimulipa nini, binti zake walifuma kitambaa gani. Alihesabu watoto 816 waliozaliwa mukononi mwake. Watu wengine waliosoma maandiko yake walisema ni mambo madogo madogo, hayana faida. Mwaka 1990 Laurel Thatcher Ulrich alitoa kitabu "A Midwife's Tale", na mwaka 1991 kitabu kile kilipata zawadi ya Pulitzer. Alifanya nini? Mwanzo wa kila sura aliweka mistari ya Martha vile alivyoiandika mwenyewe, kisha akaeleza pole pole mistari ile inafundisha nini juu ya deni, ndoa, magonjwa na kazi ya wanawake. Tunamuona mama yule mzee akivuka muto wenye barafu usiku, kwa sababu mwanamuke ngambo ingine ameshikwa na uchungu. Na tunaona mwandikaji mwenyewe akitafuta, mustari kwa mustari.

Sasa tuangalie upande mwingine. Washington alikufa mwezi wa Desemba 1799. Mwaka 1800 Mason Locke Weems aliuza kitabu juu ya maisha yake, na watu walikinunua sana. Katika chapa ya mwaka 1806 aliongeza habari ya mutoto Washington aliyekata muti wa matunda wa baba yake na kukubali bila kusema uongo. Habari ile ni tamu, imefundishwa watoto wengi sana, mupaka na sisi tumeisikia. Lakini hakuna ushuhuda wowote kwamba ilitokea. Inashangaza: habari ya kukataza uongo, yenyewe haina mizizi! Basi tukumbuke, utamu peke yake hautoshi. Kitabu kinaweza kusomeka kama maji na kutudanganya.

3. MAULIZO MATANO MBELE YA KUCHUKUA KITABU

Mbele ya kuandikisha kitabu kwa mutunza bibliyoteke, kaa nacho dakika kumi na ukiulize hivi:

a) Ni nani alikuandika, na mwaka gani? Kitabu cha zamani kinaweza kuwa kizuri sana, lakini hakiwezi kujua mambo yaliyogunduliwa nyuma yake. Angalia mwaka wa chapa ya kwanza. Ule wa kurudilia chapa unaweza kukudanganya.

b) Ulipata wapi habari hizi? Angalia kama anataja barua, makaratasi ya tribinali, hesabu za meli, maandiko ya watu wa wakati ule. Kama anasema tu "watu wanasema", jihazari.

c) Ndani yako nani anasema, na nani ananyamaza? Kama kurasa 300 ni za majenerali na magavana tu, jiuliza wakulima, wanawake, watumwa na wenyeji wa kwanza walikuwa wapi siku zile.

d) Uko na ramani na orodha ya majina mwishoni? Sisi tuko mbali na Massachusetts. Bila ramani, mutu anasoma kama kipofu.

e) Tunaweza kuelewana? Fungua katikati, hapana mwanzo, kwa maana waandikaji wote wanajikaza kwenye ukurasa wa kwanza. Soma ukurasa moja kamili kwa sauti ndogo. Kama maneno usiyoyajua yanapita kumi, kiache kwanza, utakirudilia mwaka kesho. Hakuna haya ndani yake.

4. KWA NINI ULIZO LA KWANZA NA LA TATU NI MAKUBWA: MWAKA 1619

Pengine mutu atasema: "Mambo ya Waingereza na Waindiani yanatuhusu nini sisi?" Tunamujibu na habari hii.

Mwezi wa Agosti 1619 meli moja ilifika Virginia na kuuza pale Waafrika. Mukaaji mumoja wa koloni ile, John Rolfe, aliandika katika barua kwamba walikuwa ishirini na kitu, na kwamba meli ilikuwa ya Waholanzi. Kwa miaka mingi vitabu vilirudilia maneno ya Rolfe tu. Waafrika wale hawakuwa na inchi, hawakuwa na luga, kama vile walitoka ndani ya bahari.

Lakini mwaka 1997 Engel Sluiter alionyesha, kwa makaratasi ya Waspania, kwamba watu wale walitolewa ndani ya meli ya Wareno, São João Bautista, iliyotoka Luanda kwenda Veracruz katika Mexico. Meli mbili za Waingereza, White Lion na Treasurer, ziliishambulia njiani na kunyanganya sehemu ya watu. Ile iliyofika ya kwanza Virginia ni White Lion. Mwaka 1998 John Thornton aliendelea mbele: alieleza kwamba inaelekea wengi wao walikamatwa wakati wa vita ambavyo Wareno na washiriki wao Waimbangala walipigana na ufalme wa Ndongo, katika Angola. Basi watu wale sasa wako na kwao. Wako na ufalme, wako na luga, na vita vilivyowapeleka utumwani vinajulikana.

Kuna habari ingine. Siku ya Mungu, tarehe 9 Septemba 1739, karibu na muto Stono katika South Carolina, watumwa karibu 20 waliinuka, wakakamata silaha, wakapiga ngoma na kuinua bendera, wakaelekea Florida, ambapo Waspania waliahidi uhuru kwa watumwa waliokimbia Waingereza. Wengine waliwafuata njiani. Wazungu zaidi ya 20 walikufa, na watumwa wengi kupita wale waliuawa. Mutu wa wakati ule aliandika kwamba walioanza walikuwa watu wa Angola. Mwaka 1991 Thornton alieleza kwamba inaelekea sana walitoka ufalme wa Kongo: walikuwa Wakatoliki, wengine walijua Kireno, na namna yao ya kupigana inafanana na ya askari wa Kongo. Ufalme ule, muji wake mukubwa ulikuwa Mbanza Kongo, katika Angola ya leo, na inchi yake ilifika mupaka upande wa chini wa muto wetu.

Mwaka 1740, nyuma ya fujo ile, South Carolina ilitoa sheria kali. Kati ya mambo yake, mutu aliyefundisha mutumwa kuandika alipaswa kulipa faini ya paundi 100. Ninyi munaolalamika juu ya kuandika disertasio, mufikiri kidogo juu ya sheria ile. Wakubwa wa koloni waliogopa kalamu.

Mukifungua kitabu chenye kusema juu ya Virginia ao Carolina, angalieni mwaka wake na angalieni kama watu hawa wako ndani, na wako kama watu wenye majina na mawazo. Kitabu kinachowataja kama muzigo wa meli tu hakijamaliza kazi yake.

5. VITABU TUNAVYOSHAURI

Tumepanga vitabu katika vikundi vitatu.

KUNDI LA KWANZA, la kuanzia. Kwa wale wenye Kifaransa kuliko Kingereza, André Kaspi aliandika "Les Américains" mwaka 1986, vitabu viwili. Cha kwanza kinaanza 1607. Maelezo yake ni wazi, sura ni fupi ya kutosha. Kwa wenye Kingereza, "The Birth of the Republic" cha Edmund Morgan, kilichotoka mwaka 1956, kinapita kutoka 1763 mupaka 1789 kwa kurasa chache. Mwandikaji huyu hapendi maneno makubwa. Mutu wa kalasi ya tano anaweza kukimaliza wakati wa mapumziko. Na anayetaka sauti ya mutu wa wakati ule mwenyewe, asome maisha ya Benjamin Franklin yaliyoandikwa naye mwenyewe. Yako kwa Kifaransa pia. Franklin alianza kama kijana fundi wa kuchapa karatasi, akakimbia kaka yake kule Boston akiwa na miaka 17. Lakini mujihazari: mutu akijieleza mwenyewe, anachagua kile anachotaka tuone.

KUNDI LA PILI, habari ya mutu mumoja. "A Midwife's Tale" tumekwisha kukieleza. Kingine ni "The Unredeemed Captive" cha John Demos, cha mwaka 1994. Mwezi wa Februari 1704 Wafaransa na washiriki wao Waindiani walishambulia kijiji cha Deerfield, katika Massachusetts, wakachukua mateka zaidi ya 100. Kati yao kulikuwa pasta John Williams na watoto wake. Pasta alirudishwa, akaandika kitabu juu ya mateso yake. Lakini binti yake Eunice, aliyekamatwa na miaka 7, alibaki kwa Wamohawk karibu na Montréal. Alisahau Kingereza, akawa Mukatoliki, akaolewa na mwanaume wa kule. Baba yake, na nyuma yake kaka zake, walimuomba arudi. Alikataa mupaka alipokufa mwaka 1785. Demos hamupigi Eunice teke wala hamutukuzi. Anauliza: nyumbani ni wapi? Tulikisoma kwa zamu, na usiku watu walibishana sana ndani ya dortuari. Hiyo ndiyo alama ya kitabu chenye kusomeka.

KUNDI LA TATU, la kupanua macho. "American Colonies" cha Alan Taylor, cha mwaka 2001, ni kinene, tunakubali. Lakini hakianzi na Waingereza: kinaanza na wenyeji wa kwanza, kisha Waspania, Wafaransa, Waholanzi, visiwa vya sukari, mupaka bahari ya Pasifiki. Kila sura inasimama peke yake, basi mutu anaweza kusoma moja na kupumzika. "Facing East from Indian Country" cha Daniel Richter, cha mwaka 2001, kinageuza kiti: musomaji anakaa ndani ya inchi ya Waindiani na kuangalia wageni wakitokea upande wa mashariki. "Black Majority" cha Peter Wood, cha mwaka 1974, ni juu ya South Carolina tangu mwanzo mupaka fujo ya Stono. Kinaonyesha kwamba Waafrika pale walikuwa wengi kuliko wazungu, na kwamba ufundi wao ulisaidia kujenga koloni.

6. TUSOME VIWILI VIWILI

Hakuna kitabu kimoja kinachotosha. Wakubwa wetu wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Shauri letu ni kusoma vitabu viwili vyenye kujibizana.

Mufano muzuri unatoka kwa Morgan yuleyule. Katika kitabu chake cha 1956 anafuata namna watu wa makoloni walivyotafuta uhuru na usawa. Mwaka 1975 alitoa kingine, "American Slavery, American Freedom", juu ya Virginia, na ulizo lake ni gumu: namna gani watu waliopenda uhuru hivi walikuwa pia wenye watumwa? Thomas Jefferson, aliyeandika Tangazo la Uhuru na kusema mule kwamba watu wote wameumbwa sawasawa, katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Morgan hasemi tu kwamba Jefferson alikuwa munafiki, kisha kufunga kitabu. Anarudi nyuma mupaka 1676, wakati wazungu maskini wa Virginia walipoasi pamoja na Nathaniel Bacon na kuchoma Jamestown, na anaeleza kwamba wenye mashamba makubwa walipunguza wazungu maskini wa kazi na kuongeza watumwa Waafrika. Hivi uhuru wa wamoja na utumwa wa wengine vilikomaa katika shamba moja. Mutu akisoma kitabu cha kwanza tu, anarudi na furaha tupu. Akisoma cha pili tu, anarudi na hasira tupu. Akisoma vyote viwili anaanza kuelewa.

Vilevile Tangazo lile lisomwe pamoja na "Black Majority", na kitabu cha pasta Williams pamoja na kile cha Demos.

7. VITABU VINNE VYENYEWE

Sisi wa kalasi ya sita tulikaa, tukahesabu. Mapendekezo yetu ni: Kaspi kitabu cha kwanza, Morgan cha 1956, Demos, na Taylor. Lakini hatukupatana wote. Nusu ya kalasi inataka "Black Majority" pahali pa Morgan. Wanasema habari ya Washington na katiba tayari iko ndani ya Kaspi, lakini habari ya watu wa Kongo kule Stono haiko katika kitabu chochote cha kabati letu. Wengine wanajibu kwamba kitabu cha Wood ni kigumu kwa kalasi za chini, na kabati ni la wote. Sababu zote mbili ziko na nguvu. Tunaomba mutusaidie kukata neno hili.

MAULIZO YA KUJIFUNZA (yajibiwe kwa vikundi vya watu watano)

1. Kwa nini habari ya Washington na muti wa matunda ilipendwa hivi, hata bila ushuhuda? Mutafute habari ya namna ile inayosimuliwa kwetu.
2. Vitabu vya zamani vilikosa kusema nini juu ya watu wa mwaka 1619, na makaratasi gani yalisaidia kujua zaidi?
3. Chukueni kitabu kimoja cha historia kutoka kabati letu, chochote, mukiulize maulizo matano ya sehemu ya 3. Muandike majibu.
4. Martha Ballard aliandika mistari michache kila siku. Mutu wa kijiji chenu akifanya hivi miaka 27, angeandika mambo gani ambayo serikali haiandiki?
5. Vitabu vinne tu: ninyi mungechagua vipi? Toeni sababu mbili kwa kila kitabu.

Majibu ya ulizo la 5 yaandikwe kwenye karatasi na jina la kalasi, kisha yatiwe ndani ya sanduku kwenye mulango wa bibliyoteke mbele ya siku ya tano. Karatasi isiyo na sababu hatutaihesabu.

Ni sisi wenzenu,
Kapita wa wanafunzi pamoja na kalasi ya sita